Mlinipumzisha Bila Kuniuliza

Watu wa Mungu, nawasalimu. Kama mmeitikia, ahsanteni. Kama hamjaitikia, mimi sijui, hiyo ni juu yenu. Huyu aliyekaa ubavuni kwangu ni wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nikipaza sauti mno atanigonga begani, maana mimi mwenyewe sijisikii. Na ninyi mkisema neno ataniandikia hapa kiganjani kwa kidole, herufi moja moja. Kwa hiyo msiniharakishe.

Baba Mchungaji alipotaka nisimame siku hii ya mavuno, alimwambia wifi, mama aje atushuhudie alivyovuka, watu wafurahi. Kusimama nimekubali. Kufurahi tutaona. Mimi siwezi kusimulia shida kama kitu ambacho hakikuniuma. Nitasema ilivyokuwa, na jina la mtu sitataja, ingawa wenyewe mmo humu ndani na mnajijua.

Wengi mnanikumbuka nikiwa naona. Nilikuja huku mlimani nimeolewa, nikakuta shamba la mume wangu, migomba juu, tangawizi chini, mfereji unapita pembeni. Macho yakaanza kuniishia taratibu. Nilikuwa najikwaa, nagonga vitu vya pembeni, nikadhani ni uzee umeniwahi. Nilipoteremka hospitali kule Same nikaambiwa ni presha ya macho, na kwamba nimechelewa, kilichokwisha kupotea hakirudi. Nikalia sana. Kisha nikarudi nyumbani nikaendelea kulima.

Ndiyo, kulima. Mtu akipofuka hajasahau shamba lake. Magugu niliyajua kwa vidole, na masikio yalikuwa bado yangu. Hata mume wangu alipofariki, zamu yetu ya maji haikutetereka.

Wageni wetu mliopanda leo kutoka mjini, niwaeleze kidogo msije mkapotea. Huku kwetu maji ya kumwagilia tunayakusanya kwenye ndiva, ni bwawa tulilochimbiwa na mababu, halafu yanagawiwa kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Ndiva ikijaa tope au mfereji ukibomoka, tunatengeneza wote kwa pamoja. Kazi hiyo ndiyo msaragambo. Jioni inapigwa pembe, asubuhi watu wanatoka. Na sheria ni moja, ya tangu zamani: nyumba isiyotoka msaragambo haina zamu ya maji. Hakuna cha tajiri wala maskini, hakuna cha mwalimu wala mjane.

Mimi nilikuwa natoka. Pembe ikilia, kesho yake nipo na panga langu nafyeka kando ya mfereji, nasengenya na kusengenywa kama wengine. Mlikuwa mnanitania kwamba nafyeka kushinda wenye macho wanaoegemea majembe. Nilikuwa kipofu, lakini nilikuwa mtu wa hapa.

Halafu ikaja ile homa. Kichwa kiliniuma mpaka nikawa namwita mama yangu aliyekufa zamani. Shingo ikakaza. Wakanishusha Same tena, na huko sikumbuki kitu. Ninachokumbuka ni kuamka nimelala kitandani, homa imepungua, na kimya. Nikamwita mkwe wangu, mke wa mwanangu, maana mwanangu yuko Dar anatafuta maisha. Hakuna jibu. Nikaita nesi. Hakuna jibu. Nikawaza, hawa watu wamenuna kwa sababu gani? Mbona hata vyombo havigongani? Ndipo mkono wa mtu ukanishika mguu, nikauliza, nani wewe? Nikasikia koo langu linatetemeka, sauti haipo. Pale ndipo nilipojua kwamba kimya kile hakikuwa cha wodi.

Ndugu zangu, nawaambia sikumshukuru Mungu siku ile. Nilimwambia, macho umechukua nikanyamaza, hili nalo umelitaka la nini? Mwenye kutaka kunihukumu kwa hilo anihukumu baada ya kukaa mahali pale nilipokaa.

Nikarudishwa nyumbani. Mkwe wangu hakuwa mbaya, nataka hili lieleweke. Alinipikia, alinifulia, hakunitukana, na kama alinitukana sikusikia. Lakini hakujua afanye nini na mtu kama mimi. Sahani ya makande inawekwa mapajani ghafla. Nguo inavuliwa ghafla. Maji ya kuoga yananimwagikia sijajiandaa. Navutwa mkono wa gauni, nakalishwa, nainuliwa, naanikwa juani, narudishwa ndani jua likizama. Niliuliza, leo siku gani? Niliuliza, nani amekufa, nani amezaa? Nikawa nauliza mpaka nikachoka kuuliza, maana majibu yote yalibaki midomoni kwenu.

Na ninyi mlikuja kuniona. Najua mlikuja, niliwanusa: sabuni, ugoro wa bibi fulani, mafuta ya nazi. Mlikaa, mkaongea juu yangu, mkanywa chai, mkaondoka. Siku nyingine mlikuja kuniombea. Mlikuwa na nia njema, lakini hebu fikirini upande wangu. Nimekaa kwenye kigoda, sina habari ya mtu, mara mikono mingi inanikandamiza kichwa na mabega, inanitikisa. Mimi nilidhani nimevamiwa. Nikapiga kelele, nikarusha ngumi, ikampata mtu. Baadaye niliambiwa mlichosema: kwamba ule ukali si wa bure, mama ana pepo. Sikuwa na pepo. Niliogopa. Mngenishika mkono kwanza taratibu, mkangoja nitulie, ningejua ni watu wamenijia kwa heri.

Hayo nayo niliyavumilia. Sasa nafika kwenye lile ambalo hata leo nikilifikiria chakula hakipiti.

Kiangazi kilipoanza kukaza nilikuwa naenda shambani mwenyewe kwa kushika uzio, tangu mlangoni mpaka kwenye tangawizi. Hapo ndipo palipobaki pangu. Siku moja nikashika majani, yamejikunja. Nikachimba kwa vidole, udongo mkavu. Nikatambaa mpaka mfereji wetu, nikaingiza mkono: vumbi. Nikasema labda zamu yetu bado. Nikarudi tena na tena kwa siku nyingi, vumbi tu. Nikamwuliza mkwe wangu, ndiva imepasuka? Akanishika bega, akanitikisa kidogo, ndiyo au hapana sikuelewa. Nikaamua kwamba ni ukame, umetupiga wote, mlima mzima unaungua. Nikaanza kuomba mvua. Watu wa Mungu, niliomba mvua kwa machozi, sikujiombea mimi tu, niliwaombea na ninyi, nikiwaonea huruma na mashamba yenu.

Tangawizi yangu ikafa. Niling'oa mwenyewe, shina kwa shina, vidole vilivyonyauka, vidogo. Vingine nilivitafuna tu nisije nikavitupa.

Ndipo wifi yangu huyu akarudi. Alikuwa ameolewa kule chini tambarare, karibu na barabara kuu, mumewe akafariki, akapanda kurudi kwao. Akanikuta nimekaa nje. Akafanya kitu ambacho hapa kijijini hakuna aliyewahi kukifikiria, na ni kitu kidogo mno. Alikumbuka kwamba nilimaliza darasa la saba. Akanishika mkono, akaufungua, akangoja. Halafu akaandika kiganjani kwa kidole. Mwanzo nilidhani ananikuna. Akarudia polepole. S. H. I. K. A. Alipofika M nilishamaliza mwenyewe.

Nikasema, marahaba.

Mnajua nilikuwa sijaamkiwa tangu nitoke hospitali? Mimi, mama mtu mzima, mwenye wajukuu. Watoto wa kijiji kizima wanapita mbele ya nyumba yangu, na kama waliniamkia, ilipotelea hewani. Nililia mpaka wifi akaogopa. Nikamwambia usiende, andika tena, andika chochote. Akaandika jina lake, nikamkumbatia. Tulishinda pale hadi mkwe akaja kuangalia tunafanya nini. Naye akaandika. Akaandika pole. Sikumlaumu tena tangu siku ile.

Halafu nikauliza nililokuwa nalo moyoni. Nikamwambia wifi, kwa nini ndiva imekauka? Akaandika: haijakauka. Nikasema rudia. Akarudia. Nikauliza, maji ya zamu yetu yanakwenda wapi? Hapo kidole kilisimama. Nikamwambia, andika, mimi si mtoto. Akaandika jina la mtu. Ni jirani yangu wa shamba la chini. Maji yangu yalikuwa yanapita kwake, hatua chache kutoka kwenye uzio niliokuwa nimeushika nikiomba mvua.

Nikataka kujua aliyapataje, na wifi akaenda kuuliza, akaniletea habari yote. Kumbe nilipokuwa nimelala mgonjwa mlikaa kikao. Mtu mmoja mwenye huruma akasema, mama yule sasa haoni wala hasikii, na mkwewe anamuuguza, nyumba ile tuipumzishe msaragambo. Wote mkaitikia. Mkwe wangu naye akashukuru, ana mtoto mgongoni na mgonjwa ndani, angekataaje? Basi, ikapita misaragambo kadhaa, jirani akasimama kwenye kikao kingine akasema, nyumba ile haitoki kazini, na maji ni ya wanaotoka, zamu yake imekaa bure. Akapewa. Sheria ilifuatwa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyenichukia. Mkwe wangu alinieleza siku ileile zamu ilipochukuliwa, amesimama mbele yangu, kwa mdomo.

Nawauliza leo, maana siku ile sikuwepo: kwenye kikao kile hakukuwa na mtu hata mmoja wa kusema, twendeni tukamuulize mwenyewe? Mnajua mlango wangu. Ugoro na mafuta ya nazi vilikuwa vinakuja kunywa chai. Mlikaa mkapanga kama vile mnagawana vitu vya marehemu.

Sisi Wapare tunajulikana kwa kesi. Mtu akidhulumiwa kuku anauza ng'ombe aende mahakamani. Mimi ng'ombe sina, nikaenda kwa kamati ya ndiva. Wifi kanishika mkono, tukapanda mpaka kwa mwenyekiti wao. Nikajieleza. Wakaanza kuongea na wifi. Nilijua kwa sababu kidole kilikuwa kinaandika: mwambie mama apumzike, mwambie mama asijisumbue, mwambie tutamsaidia mahindi. Nikawaambia, semeni na mimi, wifi ni kalamu tu. Mahindi sitaki. Nataka zamu yangu. Wakajibu sheria ni sheria, zamu ni ya wanaotoka msaragambo. Nikasema basi nitatoka. Kidole kikatulia. Nikasema, wifi, tuliahidiana utaniandikia kila kitu. Akaandika: wanacheka.

Wacheke. Nilirudi nyumbani na hasira, nawaambia ukweli, na hasira ile ndiyo iliyonilisha siku zile.

Msaragambo uliofuata ulikuwa wa kutoa tope ndani ya ndiva. Pembe ililia, na siku hizi wanatuma na ujumbe kwenye grupu la simu, sijui wanadhani mimi nausoma kwa pua. Wifi aliniandikia tu: kesho tope. Asubuhi tukatoka. Kazi ile mnaijua wenyewe. Ndiva imefunguliwa, maji yametoka, walioko chini wanachota tope kwa makoleo, wanajaza makarai, na watu wanasimama mstari kupanda ukingo, karai linapita mkono kwa mkono mpaka juu. Hakuna kutembea. Unasimama, unapokea, unageuka, unampa mwenzako. Nilikuwa nimefanya kazi ile tangu nikiwa mwali mgeni. Nikamwambia wifi, nisimamishe kwenye mstari, katikati, halafu wewe nenda ushike nafasi yako.

Akanisimamisha. Nikanyoosha mikono, nikangoja.

Hakuna kitu. Nikangoja tena. Tone la tope likaniangukia kifundoni, halafu jingine likanipata shavuni. Nikajua makarai yanapita. Yanapita mbele ya kifua changu, mtu wa chini yangu ananyoosha mkono kunivuka, wa juu yangu anainama kupokea. Walikuwa wanaumia viuno ili tu wasinipe. Nimesimama na mikono mitupu nimeinyoosha kama mwombaji, na kijiji kizima kinanitazama. Siku ya homa niliumia, siku ya tangawizi niliumia, lakini pale ukingoni nilihisi nimekufa na bado nimesimama. Nikajua nikiondoka hapa bila karai, sina zamu tena, na sina cha kurudi kudai.

Nikateremka. Sikumwambia mtu. Nikashika ukingo kwa mguu mmoja, nikapapasa, nikakuta mkono wa mtu, na kwenye mkono karai. Nikalidaka kwa mikono miwili. Akavuta. Nikavuta. Tope likatumwagikia sote. Mtu wa nyuma akanishika gauni kunirudisha, nikampiga kiwiko. Nikasema, nipe. Wifi anasema sauti ile ilisikika mpaka barabarani, wakasimama hata wapita njia. Nikasema, nipe, siombi karai, hili ni langu. Mstari wote ukasimama. Sijui nilisimama pale muda gani, mikono inawaka moto. Kisha yule mtu akaachia.

Karai likanilemea mpaka magoti yakakunjika. Sijawahi kubeba kitu kizito kikanifurahisha kama kile. Nikageuka, nikampa wa juu yangu. Akapokea. Nikageuka tena, mikono nimenyoosha, na karai jingine likaja.

Tulifanya hivyo mpaka jua likatuunguza visogo. Wakati fulani asubuhi ile, mtu wa chini yangu akaanza kunigonga kiwiko kabla ya kunipa, ili nijue linakuja. Hakuna aliyemfundisha. Sikujua ni nani, na wifi aliponiambia baadaye kwamba ni yuleyule niliyemnyang'anya, nilicheka kwa mara ya kwanza tangu homa.

Msije mkadhani hapo mambo yalikwisha. Jioni kamati ikakaa. Jirani akasema hawezi kuachia maji, tangawizi yake imo shambani inakunywa. Wakakubaliana avune kwanza. Halafu mmoja akasema jambo lililowafanya wengine waone aibu. Alisema, mama akitaka zamu, na afidie misaragambo yote ambayo nyumba yake haikutoka. Wifi aliandika kwa hasira, kidole kinanichimba kiganja. Yaani wanipumzishe wenyewe, halafu wanidai. Lakini mimi niliona jambo jingine. Nilimwambia wifi, waambie nimekubali. Tangu niugue, yule ndiye mtu wa kwanza aliyenidai kitu. Wengine wote mlinihurumia.

Nikafidia. Mfereji wa juu, mfereji wa chini, kubeba mawe, kubeba majani ya kuziba. Mwaka wa kwanza sikupata kitu, shamba lilikaa wazi nikilinusa tu. Mwaka wa pili zamu yangu ikarudi. Kile kikapu cha tangawizi kilichowekwa pale mbele na mavuno yenu ni cha maji yale. Mkikinunua kwenye mnada, msinunue kwa huruma. Nunueni kwa sababu ni tangawizi nzuri.

Nishukuru sasa, maana wifi ananigonga, nadhani nimezidisha. Wifi yangu, ahsante. Kidole chako kimenirudisha duniani, na sina cha kukulipa. Mkwe wangu, ahsante, ulinibeba ukiwa hujui unavyobeba, na sasa unaandika upesi kuliko hata wifi. Wewe wa kamati uliyenidai, ahsante, sijui kama ulikusudia. Wewe uliyeachia karai, ahsante. Watoto mnaokuja kuandika shikamoo kiganjani kwangu mkitoka shule, hata mkikosea herufi, njooni tu.

Na Mungu namshukuru. Tunasemezana tena, mimi na yeye, ingawa si kama zamani.

Mnalotaka kujifunza kwangu ni hili. Huko manyumbani kwenu kuna watu mmewapumzisha. Bibi asiyetembea, kijana asiyesema, mtu wenu mnayemfungia chumbani wageni wakija. Mmemwondolea kazi, na baada ya kazi mmemwondolea neno, na baada ya neno mmemwondolea fungu lake, na bado mnajiita wenye huruma. Kabla hujampumzisha mtu, nenda ukamuulize. Kama hakusikii, mshike mkono. Kama hujui la kuandika, anza na salamu.

Namalizia na wewe jirani yangu wa shamba la chini. Wifi ameniandikia kwamba upo, umekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Tangu uliporudisha maji hujawahi kunishika mkono. Najua Neno linavyosema juu ya kusamehe, na siwezi kusimama madhabahuni nikadanganya: bado sijaweza. Pengine nitaweza, pengine utanisaidia. Kesho ni msaragambo, tunatoa tope. Usiende kusimama kule mbali kama unavyofanya siku zote. Njoo usimame chini yangu kwenye mstari, unigonge kiwiko kama wanavyonigonga wenzako, halafu unipe karai limejaa. Usinipunguzie.